Mtoto Huyu Atalelewa na Nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kola



  

Tumeombwa tuzungumze juu ya UKIMWI. Tulipokuwa tukipita vijijini kuwaalika, watu kadhaa walituambia, "Hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi kuna dawa." Ni kweli dawa zipo, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini dawa haiendi yenyewe mdomoni mwa mtoto. Lazima awepo mtu wa kumwamsha, wa kumpikia uji, wa kukumbuka tarehe ya kliniki, wa kutafuta nauli. Lazima awepo mtu wa kumwambia, "Kunywa mwanangu, hata kama umechoka nayo." Mtu huyo asipokuwepo, kopo la dawa linabaki juu ya kabati na mtoto anakonda.

Tena kuna jambo la pili. Kwa miaka mingi kazi hii nchini Kenya imebebwa kwa sehemu kubwa na pesa za wageni. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mara moja tukaona wafanyakazi wa afya wakiachishwa kazi na wagonjwa wakiulizana kama dawa zitaendelea kuja. Siku hizo zilitufundisha kwamba anayekula kwa mkono wa jirani lazima ajue jirani anaweza kuondoka.

Kwa hiyo swali letu la leo ni moja: mtoto huyu atalelewa na nani?

Ili tulijibu vizuri, tumeona tuwaeleze kazi ya daktari mmoja. Hatukumchagua ili tumsifu tu. Tumemchagua kwa sababu alijiuliza swali hilo hilo kwa miaka mingi, akakuta mlango mmoja baada ya mwingine umefungwa mbele ya watoto, na mwisho wa safari yake alikuja kutafuta jibu hapa hapa kwetu Ukambani.

DAKTARI MWENYEWE NI NANI

Jina lake ni Padre Angelo D'Agostino, wa Shirika la Yesu, yaani Mjesuiti. Wengi walimwita Father Dag. Alizaliwa tarehe 26 Januari 1926 katika mji wa Providence, Marekani, katika familia iliyotoka Italia. Alisomea udaktari, akawa daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo, akafanya kazi hiyo katika jeshi la anga la nchi yake. Mwaka 1955 akaacha mshahara na cheo akaingia utawa. Akasoma tena, safari hii ugonjwa wa akili, na mwaka 1966 akapewa upadre. Kwa miaka mingi alifundisha na kutibu huko Washington.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajesuiti walianza huduma yao ya kusaidia wakimbizi. Father Dag akajitolea, akaenda Thailand, halafu akaja Afrika Mashariki. Ndivyo alivyofika Nairobi.

Hebu tuangalie jambo hapo. Huyu hakuwa daktari wa watoto. Hakuwa mtaalamu wa virusi. Alikuwa mzee aliyesomea figo na kibofu, kisha akili za watu. Nyumba ya watoto aliianzisha akiwa na miaka 66, umri ambao wengi wetu tungesema, "Sasa niacheni nipumzike." Basi asije mtu hapa akatuambia, "Mimi sikusomea mambo hayo," au, "Mimi nimezeeka."

MLANGO WA KWANZA: NYUMBA

Wakubwa kati yetu mnaikumbuka miaka ile. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 ugonjwa ulikuwa umeingia kila mahali, lakini haukutajwa. Tulizika tukisema ni malaria, ni kifua, ni kulogwa. Serikali yenyewe ilikawia mpaka Novemba 1999, wakati Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa.

Wakati huo katika Nairobi watoto wachanga walikuwa wakiachwa hospitalini na barabarani. Father Dag alikuwa katika kamati ya nyumba moja ya watoto. Nyumba ile ilipokea watoto waliotupwa, lakini mtoto akipimwa na kuonekana ana virusi, hakuwa na nafasi. Aliomba watoto hao nao watafutiwe mahali. Haikukubaliwa. Basi akaamua kuanza mwenyewe. Tarehe 8 Septemba 1992, siku Kanisa linapokumbuka kuzaliwa kwa Mama Bikira Maria, akafungua nyumba yenye watoto watatu. Alifanya kazi hiyo pamoja na Sista Mary Owens wa Masista wa Loreto, aliyetoka Ireland. Wakaiita Nyumbani.

Jina hilo mnalielewa kuliko hata wao walivyolielewa. Hawakuiita hospitali, wala kituo. Waliiita mahali ambapo mtu akifika haulizwi amefuata nini.

Lakini msifikiri kwamba mambo yalikuwa mazuri. Dawa hazikuwepo. Watoto walipewa chakula kizuri, walitibiwa kifua na vidonda, walibebwa, waliimbiwa, kisha wakafa. Kazi ya daktari miaka ile ilikuwa kuhakikisha mtoto hafi peke yake wala hafi na njaa. Na hiyo pia ni kazi ya udaktari.

Hapo hapo pakatokea jambo la kushangaza, na tunaomba mlisikilize kwa makini, maana hata leo linawapotosha watu.

Baadhi ya watoto walioletwa eti wana UKIMWI, walikua, wakanenepa, wakapimwa tena, wakaonekana hawana kitu. Je, walipona? Hapana. Hawakuwa na virusi tangu mwanzo. Mama mwenye virusi ana askari katika damu yake wanaopigana na virusi hivyo. Mtoto akiwa tumboni anapewa askari hao na mama yake. Kipimo cha kawaida hakitafuti virusi, kinatafuta askari. Kwa hiyo mtoto mchanga anaweza kuonyesha alama ya ugonjwa kumbe ni askari wa mama tu, nao huisha polepole mpaka kama miezi 18. Hata katika siku zile ambazo mama hakuwa na dawa yoyote, zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa na mama wenye virusi hawakuambukizwa.

Fikirini basi. Watoto wazima kabisa walikuwa wakitupwa na kukataliwa kwa sababu ya karatasi ambayo watu hawakujua kuisoma. Nyumbani ikawa na maabara yake, watoto wakapimwa vizuri, na wale wasio na virusi wakatafutiwa wazazi wa kuwalea. Kupima vizuri kuliokoa watoto kabla dawa hazijafika.

Siku hizi kuna kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, na mtoto anaweza kupimwa akiwa na wiki sita. Tena mama mjamzito akipimwa mapema, akaanza dawa na kuzimeza kila siku wakati wa mimba na wa kunyonyesha, katika watoto 100 wanaozaliwa hivyo, wanaoambukizwa hawafiki hata watano. Kwa hiyo akina mama, kliniki ya wajawazito si mahali pa kukamatwa. Ni mahali pa kumkinga mtoto. Na ninyi akina baba, msimwache mama aende peke yake halafu mkamsubiri nyumbani na maswali.

MLANGO WA PILI: MTOTO ALIYE KWAO

Nyumba ile ilikua, lakini daktari akaona hesabu haiendi. Vitanda ni vichache, watoto ni maelfu. Tena wengi wao hawakuwa wametupwa. Walikuwa wanaishi na mama mgonjwa, au na shangazi, au na nyanya, katika chumba kimoja huko Kangemi na Kibera. Je, wang'olewe wote waletwe katika nyumba ya watoto?

Mwaka 1998 wakaanza mpango mwingine unaoitwa Lea Toto. Ulianza Kangemi, kisha ukaenea mitaa mingine kama Kibera, Kariobangi na Dandora. Hapa mtoto haji kwa daktari akae. Huduma ndiyo inayomfuata kwake. Wahudumu na watu wa mtaa waliofundishwa wanaingia nyumba kwa nyumba: wanaangalia mtoto amekula nini, anatibiwa wapi, anayemlea ana hali gani.

Sisi tunaofanya kazi ya jamii tunaliona jambo hili kuwa kubwa sana. Daktari mwenye nyumba nzuri, yenye sifa, inayoletewa wageni wa kila namna, akakubali kwamba nyumba hiyo haitoshi. Akakubali kwamba mahali bora pa mtoto ni kwa watu wake, kama watu wake wakisaidiwa. Tunasema tena: kama wakisaidiwa. Kumwachia nyanya wajukuu sita na kumwambia "Mungu atakusaidia" si kumsaidia.

MLANGO WA TATU: DAWA

Kuanzia mwaka 1996 nchi tajiri zilijua kwamba dawa tatu zikichanganywa pamoja zinamrudisha mgonjwa kutoka kaburini. Lakini bei! Kwa mtu mmoja, kwa mwaka mmoja, dawa hizo ziligharimu zaidi ya dola 10,000. Hapa kwetu mtu angeuza shamba lote na ng'ombe wote asifikishe hata nusu.

Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba inaweza kutoa dawa za namna hiyo hiyo kwa dola 350 kwa mwaka kwa mashirika yanayotoa msaada. Kumbe basi zinaweza kutengenezwa kwa bei ndogo namna hiyo! Kizuizi kilikuwa sheria za hataza, yaani haki ya kampuni iliyovumbua dawa kuwazuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza.

Father Dag hakunyamaza. Mwaka huo huo alitangaza hadharani kwamba Nyumbani itaagiza dawa kutoka India, hata kama kampuni kubwa zitakasirika. Mzee wa miaka 75, padre, yuko tayari kushtakiwa kwa ajili ya vidonge vya watoto. Wakati huo vyama vya wagonjwa, mashirika ya tiba na raia wengi walikuwa wakilisukuma Bunge letu, na mwezi wa Juni 2001 Bunge likapitisha sheria iliyofungua njia ya dawa za bei nafuu kuingia Kenya. Januari 2004 daktari huyu akaenda mpaka Vatikani, na hapo mbele ya waandishi wa habari akazilaumu kampuni za dawa kwa maneno makali, kwamba watu wanakufa Afrika kwa sababu ya faida.

Kisha misaada mikubwa ikaja, ukiwemo mpango wa Marekani uliotangazwa mwaka 2003. Dawa zikafika Nairobi, zikafika Machakos, zikafika dispensari zetu. Watoto waliotarajiwa kuzikwa wakaanza kudai viatu vya shule.

Tunayasema haya kwa sababu vijana wengi wanafikiri dawa hizi zilianguka tu kama mvua. Hapana. Zilipiganiwa, na kitu kilichopiganiwa kinaweza kupotea waliokipigania wakilala.

MLANGO WA NNE: SHULE

Sasa mtoto amepata nyumba, amepata dawa, amefika umri wa shule. Januari 2003 serikali mpya ilitangaza elimu ya msingi bila malipo, na nchi nzima watoto walimiminika madarasani. Watoto wa Nyumbani walipopelekwa katika shule za serikali mjini Nairobi, wakakataliwa. Mara nafasi zimejaa, mara vyeti vya kuzaliwa havipo. Kila mtu alielewa sababu yenyewe.

Wangeweza kunyamaza na kuwafundisha ndani ya ua, kwa sababu darasa lao wenyewe walikuwa nalo. Lakini mtoto anayesomea nyuma ya ukuta anajifunza jambo moja kabla ya kujifunza hesabu: kwamba hatakiwi. Basi wakaenda Mahakama Kuu. Januari 2004 serikali ikakubali, na watoto wakapokelewa shuleni.

Baadaye ikaja sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI. Sheria hiyo inakataza mtoto kunyimwa shule au mtu mzima kufukuzwa kazi kwa sababu ya virusi. Tena inakataza kutangaza hali ya mtu bila ruhusa yake. Neno hili tunalirudia kwa sababu ya midomo yetu. Yule anayesema kisimani, "Unamjua mtoto wa fulani? Basi huyo yuko kwenye dawa," anavunja sheria ya nchi, tena anavunja amri ya Mungu.

MWISHONI AKAJA KWA SUSU

Hapa ndipo tulipotaka kufika.

Kufikia miaka ya 2000 daktari aliona tatizo lingine. Watu wa umri wa kati, baba na mama, walikuwa wamekwisha zikwa katika nyumba nyingi. Waliobaki ni wa pande mbili: wazee wasio na mtoto wa kuwatunza, na watoto wasio na mzazi wa kuwalea. Wazee wanakufa kwa upweke na njaa huku, watoto wanatangatanga kule. Akajiuliza: hawa wawili wakikutanishwa, je?

Baraza la Kaunti ya Kitui la wakati ule likampa shamba la ekari 1,000. Liko upande wa Kwa Vonza, si mbali nasi: unatoka Machakos, unapita Masii na Wamunyu, unavuka mto Athi. Hapo pakajengwa kijiji, Nyumbani Village. Mwaka 2006 wakazi wa kwanza wakaingia. Mpango ulikuwa nyumba moja iwe na mzee mmoja, mara nyingi ni susu, pamoja na watoto kama kumi, baadhi yao wajukuu wake wa damu na wengine yatima aliopewa awalee. Wote kwa jumla, wazee wapatao 100 na watoto wapatao 1,000. Wengi wa watoto hao hawana virusi wenyewe. UKIMWI uliwachukulia wazazi, ukawaacha wao.

Kijiji hicho kina shule, kina zahanati, kina mashamba. Wanazuia maji ya mvua kwa mabwawa ya mchanga kama yale mnayoyajua. Wanapanda miti ya mukau kwa wingi, ili ikikomaa iuzwe na kijiji kijitegemee. Tazameni hiyo: miti, mchanga, matofali ya udongo, kunde, mbuzi, na susu anayesimulia hadithi jioni. Hakuna kitu hapo ambacho Mkamba hakijui.

Father Dag hakukiona kijiji kikikamilika. Alifariki Nairobi tarehe 20 Novemba 2006, akiwa na miaka 80. Sista Mary Owens na wenzake wakaendeleza kazi.

Sasa jamani, tuunganishe. Mtu huyu alipata elimu yote ambayo dunia inaweza kumpa daktari. Alianza na kisu cha upasuaji. Akaenda kwenye akili. Akaenda kwa wakimbizi. Akajenga nyumba ya watoto, akaona haitoshi. Akaifuata familia mtaani. Akapigania vidonge, akapigania madawati. Na baada ya yote hayo, kitu alichokuja kukitafuta alipokuwa mzee ni susu wa Kikamba, nyumba yake, na majirani wanaofanya kazi pamoja. Alikuja kutafuta kitu ambacho sisi tunakiita mwethya. Yeye ilimbidi apewe ekari 1,000 na akusanye pesa nchi za mbali ili akijenge. Sisi tumezaliwa ndani yake.

SISI WA KOLA JE?

Swali sasa linarudi kwetu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hapa vikundi vyetu vinachimba matuta, vinajenga matangi, vinakopeshana pesa. Lakini tukiingia ndani ya daftari la kikundi, tunaona nini?

Tumeona kikundi kimoja, wala hatukitaji, kilichomtoa mama mzee kwa sababu alikosa mchango mara tatu. Kanuni ilifuatwa sawasawa. Lakini mama yule alikosa kwa sababu wiki hizo alikuwa akimpeleka mjukuu wake kliniki, na pesa ya mchango ndiyo ilikuwa nauli. Siku ile kikundi kilipiga kura ya kumtoa, kilimtoa na mtoto. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini kanuni isiyo na macho inaweza kuua kama ugonjwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano. Si amri. Yajadilini.

1. Mfuko wa nauli ya kliniki. Tuseme kikundi kina watu 20, kila mmoja atoe shilingi 20 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 400 kwa wiki, yaani 1,600 kwa mwezi. Pesa hizo ni za mgonjwa yeyote, awe wa sukari, wa presha, wa kifua kikuu au wa virusi. Mkiufanya mfuko wa UKIMWI peke yake, hakuna atakayethubutu kuomba. Mweka hazina asiulize ugonjwa, aulize tarehe ya kliniki tu.

2. Kanuni ya mlezi. Mzee anayelea yatima asitozwe faini kwa kukosa mchango kabla ya watu wawili kumtembelea na kujua kisa. Mkaiandike hiyo katika katiba ya kikundi, kusudi isitegemee huruma ya mwenyekiti.

3. Mwethya wa kumsaidia mlezi. Kabla ya mvua za Oktoba, kikundi kitoe siku moja kwenda kulima shamba la susu mwenye watoto wengi. Siku moja tu. Mtoto anayemeza dawa bila chakula husumbuka tumbo na kuzichukia. Mahindi na maharagwe ni sehemu ya matibabu.

4. Ukweli kwa mtoto. Wahudumu wa afya wanashauri kwamba mtoto wa umri wa shule ya msingi aelezwe hali yake polepole, kadiri anavyoweza kuelewa. Mkimwambia kila siku kwamba ni dawa ya kifua, siku akigundua mwenyewe atatupa dawa na hatawaamini tena. Hao vijana wa miaka 15 na 16 ndio tunaowapoteza zaidi, si kwa kukosa dawa, bali kwa uchungu na hasira. Susu akishindwa kusema, atafute mhudumu wa afya wa kijiji au sista wamsaidie.

5. Kupima bila kuogopa. Mtu anayemeza dawa kila siku mpaka virusi vikawa vichache sana hata kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Hii imethibitishwa na wataalamu. Kwa hiyo kumficha mgonjwa hakumkingi mtu yeyote. Kumtibu ndiko kunakotukinga sote.

Wapendwa, hatusemi serikali ikae kando. Dawa, vipimo na waganga ni wajibu wa serikali, na kama dispensari haina dawa, vikundi viende pamoja kwa chifu, kwa mwakilishi wa wodi, mpaka kwa ofisi ya afya ya kaunti. Father Dag alikwenda mahakamani, nasi tusiogope kwenda ofisini. Lakini hakuna serikali itakayomwamsha mtoto alfajiri na kumshikia kikombe cha maji. Hapo panahitaji mtu, na mtu huyo anahitaji majirani.

Basi mtoto huyu alelewe na nani? Mkirudi vijijini mwenu, mlijibu swali hilo kwa majina. 

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi wanaolea wajukuu yatima? Ni nani kati yetu aliyewatembelea mwezi huu?

2. Je, kuna kanuni katika kikundi chetu inayomwumiza mlezi au mgonjwa? Tuisome kwa sauti, kisha tuamue.

3. Mtu akiwa na virusi, anaweza kuomba msaada katika kikundi chetu bila kutangazwa? Kama hawezi, kinachomzuia ni nini?

4. Misaada ya kutoka nje ikikoma mwaka ujao, ni jambo gani tunaweza kulifanya wenyewe, na ni lipi tutaidai serikali?

5. Tuchague jambo moja kati ya yale matano. Nani atalisimamia, na tutaanza siku gani?